Gandhi: Mtu Aliyejifunza Kukataa Bila Kuchukia

Mwaka 1893 meli iliyotoka Bombay ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja. Ndani yake alikuwamo wakili kijana wa miaka 23, Mohandas Karamchand Gandhi, akielekea Afrika Kusini kwa ajili ya kesi ya mfanyabiashara mmoja. Alikaa Unguja zaidi ya wiki moja akingoja meli nyingine. Siku moja nahodha, ambaye walikuwa wamezoeana safarini, alimwalika matembezini, na Gandhi akajikuta ameingizwa katika nyumba ya makahaba. Alitoka kama alivyoingia, lakini kwa aibu kubwa: alishindwa kusema hapana pale mlangoni. Miaka mingi baadaye aliliandika jambo hilo katika kitabu cha maisha yake bila kujificha.

Mpendwa msomaji, tunaanza na kisa hiki kwa makusudi. Dunia inamkumbuka Gandhi kama mtu aliyeikatalia dola kubwa ya Uingereza. Hakuzaliwa na ujasiri huo. Alijifunza kukataa polepole, na alianza na nafsi yake.

Alizaliwa Oktoba 2, 1869 huko Porbandar, magharibi mwa India. Mama yake, Putlibai, alikuwa mtu wa sala na mfungo. Katika eneo hilo dini ya Wajaini ilikuwa na nguvu, na fundisho lake la ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chochote, lilikuwa limeenea hata kwa Wahindu. Alipokwenda London mwaka 1888 kusomea sheria, alimwekea mama yake nadhiri ya kutokunywa pombe, kutokula nyama na kutogusa wanawake. Huko London, mbali na kwao, alisoma kwa mara ya kwanza Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu. Wakati huohuo alisoma Biblia. Sehemu nyingi za Agano la Kale zilimchosha, lakini Hotuba ya Mlimani ilimwingia moyoni na hakuiacha tena.

Afrika Kusini ndiko alikojaribiwa. Wiki chache baada ya kufika, alitupwa nje ya treni katika stesheni ya Pietermaritzburg kwa sababu alikataa kutoka katika behewa la daraja la kwanza, ingawa alikuwa na tiketi halali. Usiku ule wa baridi alijiuliza kama arudi kwao au abaki apambane. Alibaki, na akakaa huko kwa takriban miaka 21.

Septemba 11, 1906, Wahindi wapatao 3,000, Waislamu na Wahindu pamoja, walikusanyika Johannesburg wakaapa mbele ya Mungu kutotii sheria iliyowalazimisha kujiandikisha kwa alama za vidole kama wahalifu. Njia hiyo ilipewa jina la satyagraha, maana yake kuishika kweli kwa uthabiti. Kanuni zake ni rahisi kuzitaja na ngumu kuziishi: usiitii sheria dhalimu, fanya hivyo waziwazi, pokea adhabu yake, wala usimdhuru wala kumchukia anayekuadhibu. Mwaka 1908, Gandhi alipokubaliana na serikali, baadhi ya Wahindi wenzake walimwona msaliti na kumpiga hadi akazirai. Mchungaji Mbaptisti, Joseph Doke, alimchukua akamuuguza nyumbani kwake. Gandhi aliomba waliompiga wasishtakiwe.

Hatuna budi kusema pia upungufu wake. Katika miaka ile ya mwanzo aliandika juu ya Waafrika kwa dharau, na alipigania haki za Wahindi bila kuwaunganisha na wenyeji wa nchi. Ndiyo maana mwaka 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana. Lakini mwaka 1906, wakati wa uasi wa Wazulu, aliongoza kikosi cha wabeba majeruhi upande wa Waingereza, akauguza Wazulu waliojeruhiwa ambao wazungu hawakutaka kuwagusa. Aliyoyaona huko yalimsumbua. Mtu huyu aliongoka hatua kwa hatua, kama sisi.

Alirudi India mwaka 1915. Mwaka 1922, wakati harakati zake zilipokuwa zimepamba moto, waandamanaji walichoma kituo cha polisi huko Chauri Chaura na kuua askari 22. Gandhi alisimamisha harakati nchi nzima, ingawa wenzake walikasirika. Kumkatalia Mwingereza kulikuwa kugumu. Kuwakatalia watu wake mwenyewe kulikuwa kugumu zaidi. Mwaka 1930 alitembea kwa miguu hadi pwani ya Dandi, karibu kilomita 385, zaidi ya mara mbili ya njia ya Babati hadi Arusha, akaokota chumvi ambayo serikali iliitoza kodi. Maelfu kwa maelfu walifungwa.

Je, mizizi ya njia hii ni ipi? Kwa upande wa Uhindu kuna ugumu, maana Gita inaanza katika uwanja wa vita, na Krishna anamhimiza Arjuna apigane. Wahindu wengi waliisoma kama wajibu wa askari. Gandhi aliisoma kama fumbo la vita ndani ya moyo, akashika hasa fundisho la kutenda wajibu bila kung'ang'ania matunda yake. Asiyetamani ushindi kwa gharama yoyote hana haja ya kumwangamiza mpinzani.

Kwa upande wetu, Gandhi alitukumbusha kwamba Hotuba ya Mlimani imekusudiwa kutendwa. Hata hivyo tusimgeuze Mkristo. Alimheshimu Yesu kama kielelezo kikuu cha upendo unaoteseka, lakini hakumkiri kuwa Mwana pekee wa Mungu. Mwaka 1931 alifika Vatikano, na mbele ya msalaba katika Kikanisa cha Sisto aliguswa mno. Kwake msalaba ulikuwa mfano. Kwetu ni mfano, na zaidi ya hapo ni wokovu: tunampenda adui kwa sababu sisi tulipendwa kwanza tulipokuwa maadui.

Kanisa bado linafundisha haki ya kujilinda. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes, uliwasifu wanaodai haki bila mabavu, na ujumbe wa Papa Fransisko wa Siku ya Amani Duniani mwaka 2017 ulimtaja Gandhi. Hapa kwetu, Mwalimu Nyerere, Mkatoliki, aliiongoza Tanganyika kupata uhuru mwaka 1961 bila vita. Baadaye aliunga mkono wapigania uhuru wenye silaha kusini mwa Afrika. Kwa hiyo swali halijafungwa, na mseminari asilijibu haraka.

India ilipata uhuru mwaka 1947 huku Wahindu na Waislamu wakiuana. Gandhi, mzee wa miaka 77, alifunga kula hadi mauaji ya Calcutta yakakoma. Januari 30, 1948, akielekea kwenye sala, alipigwa risasi na Mhindu mwenzake aliyeona anawapenda mno Waislamu. Sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto Nile, Jinja, Uganda.

Sisi wa Nangara hatuna dola ya kuikatalia. Tuna mpaka wa shamba, mifugo iliyoingia kwenye mahindi, urithi unaogombaniwa na ndugu. Katika mambo hayo wengi huona njia mbili tu: kupiga au kunyamaza. Gandhi mwenyewe aliuona woga kuwa mbaya kuliko kupigana. Njia ya tatu ni kusimama, kusema kweli waziwazi, kukubali hasara, na jioni kumwombea yule tuliyemkatalia. Yeye alianza kuitafuta baada ya kushindwa mlangoni, Unguja. Nasi tuna milango yetu.