Ada Lovelace: Aliandika 'lupu' wakati kompyuta bado haipo

Kama umewahi kujifunza kuandika programu, "for" lazima ilikusumbua. Yale mabano yenye vitu vitatu: anzia wapi, endelea mpaka lini, kila mzunguko ongeza au punguza ngapi. Basi kuna mwanamke alilifikiria jambo hilo mwaka 1843.

Ada alizaliwa London, Desemba 10, 1815. Baba yake ni Lord Byron, mshairi aliyekuwa gumzo Uingereza nzima. Mtoto akiwa na mwezi mmoja tu, mama yake, Annabella, akambeba akaondoka. Byron alifia Ugiriki mwaka 1824 bila kumwona tena. Mama hakutaka binti afuate nyayo za baba, akamtafutia walimu wa hesabu.

Akiwa na miaka 17 akakutana na Charles Babbage, mtaalamu wa hesabu aliyekuwa akibuni mashine za kukokotoa. Kubwa kuliko zote ilikuwa Analytical Engine: magurudumu ya meno, na maagizo kwenye kadi zilizotobolewa. Ada akaolewa 1835, akapata watoto watatu, lakini mashine haikumtoka kichwani.

Mwaka 1843 alitafsiri kutoka Kifaransa makala ya Muitaliano Luigi Menabrea kuhusu mashine hiyo, akaongeza maelezo yake. Maelezo yakawa karibu mara tatu ya makala yenyewe! Jina hakuweka, alisaini A.A.L. tu.

Utamu uko kwenye maelezo ya mwisho, herufi G. Kuna jedwali la hatua 25 za kutafuta namba za Bernoulli. Hatua ya 13 hadi ya 23 zinahitajika tena na tena. Ada akaziandika mara moja tu, kisha akaagiza zirudiwe.

Sasa mashine itajuaje iache? Akatenga namba ya kuhesabia, na kila mzunguko inapunguzwa moja. Umeona? Pa kuanzia, pa kuishia, na hatua ya kupunguza. Ni vile vitu vitatu vya kwenye mabano. Neno "for" lenyewe lilikuja na lugha za programu za miaka ya 1950.

Jedwali lina kosa pia: hatua ya 4, kugawanya kumegeuzwa juu chini. Iwe ni lake au la mchapaji, mwandika programu yeyote atamwelewa.

Wapo wanaosema kazi ni ya Babbage. Kweli, alichangia kanuni za hesabu. Ila barua zao za mwaka ule zinaonyesha Ada ndiye aliyekuwa akihangaika na jedwali.

Serikali ilishakataa kutoa hela, mashine haikujengwa. Yaani programu yake hakuiona ikifanya kazi hata siku moja. Miaka ya mwisho akazama kwenye kamari ya farasi, madeni yakamwandama, na saratani ya kizazi ikamuua Novemba 27, 1852, akiwa na miaka 36. Byron naye alikufa na umri huohuo.

Aliomba azikwe kando ya baba yake, kanisani Hucknall. Wakamzika hapo.