Sheikh Abdalla Saleh Farsy: Aliyewaandika Wanavyuoni Wasisahauliwe

Sheikh Abdalla Saleh Farsy (Rahimahullah) alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma skuli za serikali na darsa za misikitini, na miongoni mwa mashekhe wake ni Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit. Alisomesha miaka mingi, mwaka 1960 akawa Kadhi wa Zanzibar, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Wengi wetu tunamjua kwa Qurani Takatifu, tafsiri yake iliyotoka kamili Nairobi mwaka 1969. Alifariki Oman mwaka 1982.

Ipo khidma yake nyingine inayotajwa kwa uchache. Mwaka 1972 alitoa kitabu juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Humo ameeleza mwanachuoni kasoma kwa nani, kasomesha nani na kafa lini. Mengi ya hayo yalikuwa vifuani mwa watu tu. Lau asingeyaandika, leo tungekuwa na makaburi tusiyoyajua wenyewe.

Kitabu hicho ni cha pwani na visiwa zaidi: Lamu, Mombasa, Unguja, Ngazija. Milima ya Buha haimo. Basi ni nani atakayewaandika mashekhe wa Kasulu na Kibondo, waliofundisha alifu na bee chini ya miti kabla ya kujengwa madrasa? Na ndugu zetu wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, wengi walikimbia Kongo bila ya karatasi. Akifa mzee wao mmoja, historia ya msikiti mzima huzikwa naye.

Leo kazi ni nyepesi kuliko zama za Sheikh Farsy. Simu ya kijana inatosha kurikodi. Muombeni mzee idhini kwanza, kwani maneno yake ni amana. Andikeni jina lake, mahali na tarehe, na ameyapokea kwa nani. Aibu za watu ziacheni, hiyo ni ghiba. Picha na barua kongwe zipigeni picha, kisha nakala ziwekwe mahali zaidi ya pamoja: kwenye simu, kwenye kompyuta ya msikiti na kwa ndugu aliye mji mwingine. Simu hupotea, na karatasi huliwa na mchwa.

Tunawausia maimamu wa huko waanze na mzee aliye mkongwe zaidi, wiki hii, wala wasingoje Ramadhani.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Farsy na azitakabali juhudi zenu. Amin.