George Adamson: Baba ya Simba aliyewapa makao simba waliokataliwa

NYIKA ya Kora, iliyo kusini mwa Mto Tana, ni nchi ya michongoma, miamba na jua kali. Ng'ambo ya mto huo ni Rahole, katika Garissa, ambako wafugaji huhangaika na mifugo yao kila kiangazi kinapozidi. Ni katika nyika hiyo ambapo George Adamson, aliyejulikana kwa jina la Baba ya Simba, aliishi kwa takriban miaka 20 akiwatunza simba ambao hawakuwa na kwao.

Hao hawakuwa simba wa kawaida. Baadhi yao walizaliwa katika vizimba vya Ulaya, wengine walitumiwa katika filamu kisha wakawa mzigo, na wengine walipoteza mama zao wakiwa wachanga. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuwafungia maishani au kuwapiga risasi. Adamson alishikilia kwamba mnyama aliyelelewa na binadamu anaweza kufundishwa kuwinda na kurejea porini.

Alizaliwa Februari 3, 1906 nchini India, ambako baba yake alikuwa akifanya kazi. Baada ya kusoma Uingereza aliwasili Kenya mwaka 1924 ili kusaidia katika shamba la kahawa la baba yake. Kilimo hakikumvutia. Akajaribu kutafuta dhahabu, akafanya biashara ya mbuzi, akawa pia mwindaji wa kulipwa.

Mwaka 1938 aliajiriwa na idara ya wanyamapori na kutumwa eneo la mpaka wa kaskazini, lililojulikana kwa kifupi kama NFD, ambalo lilijumuisha Garissa, Wajir, Mandera, Marsabit na Isiolo. Aliizunguka nchi hiyo kwa miguu, kwa ngamia na kwa gari, akiwasaka majangili na kuwaua simba walioshambulia watu na mifugo. Hivyo basi, aliyekuja kuwa mlezi wa simba alianza kama mtu aliyewaangamiza kwa amri ya serikali.

Wakati wa Krismasi ya mwaka 1942, mjini Garissa, alikutana na Joy, mchoraji mzaliwa wa Austria. Walioana mwaka 1944.

Maisha yao yalibadilika Februari 1956. Akiwa msakoni, Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kisha akagundua kwamba mnyama huyo alikuwa akiwalinda watoto wake watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wote, alibaki na kupewa jina Elsa.

Elsa alifundishwa kuwinda na kuachiliwa katika eneo la Meru, akazaa watoto watatu. Kitabu cha Joy kuhusu simba huyo, Born Free, kilichapishwa mwaka 1960 na kuuzwa duniani kote. Filamu yake ilifuata mwaka 1966.

Lakini nyuma ya sifa hizo palikuwa na tatizo ambalo halikumwacha Adamson hadi kufa kwake. Elsa alifariki Januari 1961 kwa maradhi yanayoenezwa na kupe, na watoto wake wakaanza kuvamia mifugo ya wanakijiji. Ilibidi wanaswe na kuhamishiwa Serengeti, Tanganyika, mwaka huo huo. Simba asiyemwogopa binadamu alikuwa fahari kwa wasomaji wa mbali, ila kwa mfugaji wa jirani alikuwa hatari mlangoni.

Mwaka 1970 Adamson alihamia Kora, ardhi iliyokuwa chini ya baraza la wilaya ya Tana River. Ndugu yake, Terence, alipasua barabara na kujenga kambi iliyoitwa Kampi ya Simba. Joy hakufuatana nao.

Miongoni mwa simba wa kwanza kufika ni Boy, aliyetumiwa katika filamu ya Born Free na ambaye alikuwa amevunjika mguu akatiwa chuma. Mwingine ni Christian, aliyenunuliwa mwaka 1969 katika duka la Harrods, London, na vijana wawili raia wa Australia, akalelewa katika duka la fanicha. Vijana hao walipomtembelea Kora mwaka 1971, Christian aliwarukia na kuwakumbatia, na picha za tukio hilo zingali zikitazamwa na mamilioni ya watu.

Mwaka huo huo wa 1971, Boy alimuua mfanyakazi wa kambi, Mkenya aliyekuwa amemhudumia Adamson kwa miaka kadhaa. Adamson alimuua kwa mkono wake simba aliyekuwa amemuuguza. Mwaka 1975 msaidizi wake, Tony Fitzjohn, alinusurika kifo aliposhambuliwa na simba, na mwaka 1980 Terence naye akajeruhiwa. Serikali ikasitisha mpango wa kuwapeleka simba wapya Kora. Mapema mwaka huo, Januari 3, Joy alikuwa ameuawa katika hifadhi ya Shaba.

Wakosoaji waliuliza iwapo uhai wa simba mmoja ulistahili gharama hiyo, hasa kwa kuwa waliokuwa karibu zaidi na hatari ni wapishi, wafuatiliaji wa nyayo na wachungaji. Ni swali la haki. Hata hivyo, haiwezi kukanushwa kwamba zaidi ya simba 20 walipita mikononi mwa Adamson, na baadhi yao wakazaliana porini.

Kora nayo ilikuwa ikibadilika. Ukame, kama ule wa mwaka 1984, uliwasukuma wafugaji kuvuka Tana kutafuta maji na malisho. Nao majangili wenye bunduki za kivita walizagaa. Idadi ya ndovu nchini Kenya iliporomoka kutoka zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi takriban 16,000 kufikia mwaka 1989. Terence alifariki mwaka 1986, lakini Adamson alikataa kuhama.

Agosti 20, 1989, milio ya risasi ilisikika karibu na kambi. Majambazi walikuwa wamevamia gari lililokuwa likielekea kwenye kiwanja kidogo cha ndege, likiwa na mfanyakazi wake na mgeni kijana kutoka Ulaya. Adamson, aliyekuwa na umri wa miaka 83, aliingia katika gari lake pamoja na wasaidizi wake na kuwaendea majambazi hao moja kwa moja. Alipigwa risasi akafa, yeye na wasaidizi wawili Wakenya. Mgeni yule alinusurika.

Adamson alizikwa Kora, kando ya kaburi la Terence. Baada ya mauaji hayo, Kora ilipandishwa hadhi na kuwa mbuga ya taifa.

Hesabu ya kitaifa iliyotolewa mwaka 2021 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na simba 2,589 pekee. Wengi wa wale wanaozidi kupungua huuawa kwa sumu au mikuki baada ya kula mifugo, jambo lile lile lililowafukuza watoto wa Elsa kutoka Meru. Adamson alithibitisha kwamba simba aliyetupwa anaweza kurudishiwa pori lake. Kumhakikishia usalama mchungaji anayeishi kando ya pori hilo ni kazi aliyoiacha bila kukamilika, na hadi leo haijakamilika.