Nansen na nafsi ya pili
Tukijadili viwakilishi vya nafsi ya pili darasani, mimi humkumbuka Fridtjof Nansen, Mnorwei aliyezaliwa 1861. Mwezi wa Machi 1895 aliiacha meli yake Fram barafuni, akaelekea Ncha ya Kaskazini pamoja na Hjalmar Johansen. Hawakuifikia. Majira ya baridi yaliwafungia Franz Josef Land, ndani ya kibanda cha mawe, wakila nyama ya dubu na kulala katika mfuko mmoja ili wasigande. Hata hivyo waliendelea kuitana kwa nafsi ya heshima, mfano wa vous ya Kifaransa. Mkesha wa Mwaka Mpya ndipo Nansen alipopendekeza waiache. Baadaye alihudumia wakimbizi, akapewa Nobel ya Amani 1922, alifariki 1930. Tangu nimjue, siamini tena kwamba kiwakilishi ni neno dogo.