Inayat Khan (1882–1927) na Muziki wa Jadi wa Kihindi Ughaibuni

Katika historia ya kuenea kwa muziki wa jadi wa Kihindi nje ya Bara Hindi, Inayat Khan ana nafasi ya pekee. Aliupeleka Marekani na Ulaya miongo kadhaa kabla ya Ravi Shankar kupata umaarufu huko. Maisha yake yanadhihirisha tatizo la msingi la uhamishaji wa sanaa: fani huweza kusafiri na fundi wake, lakini hadhira iliyoilea hubaki nyumbani.

Alizaliwa Baroda, Gujarat, tarehe 5 Julai 1882. Babu yake mzaa mama, Maula Bakhsh, alikuwa bingwa wa muziki wa kaskazini na wa kusini mwa India. Mnamo mwaka 1886, kwa ufadhili wa Maharaja Sayajirao wa Tatu, aliasisi shule ya muziki mjini humo, na pia alibuni mfumo wa kuuandika muziki. Hatua hiyo ilikuwa na uzito, kwani kwa desturi elimu hiyo ilirithishwa ndani ya koo. Mjukuu alikua akiamini kwamba hazina ya ukoo yaweza kufundishwa hadharani. Aliimba, akapiga ala ya nyuzi iitwayo veena, na baadaye akafundisha katika shule hiyo. Huko Hyderabad alitumbuiza mbele ya Nizam, kisha akawa mwanafunzi wa Abu Hashim Madani katika tarika ya Chishti, ambayo huuhesabu muziki kuwa sehemu ya ibada. Mwaka 1909 sauti yake ilirekodiwa katika santuri.

Tarehe 13 Septemba 1910 aliondoka Bombay kwenda Marekani, akifuatana na nduguye Maheboob Khan na binamu yao Mohammed Ali Khan. Walitoa mihadhara iliyoambatana na maonyesho, lakini riziki ilikuwa ngumu. Mwaka 1911 walisafiri pamoja na mcheza dansi Ruth St. Denis. Hapo ndipo mgogoro ulipojitokeza. Raga huhitaji muda wa kufunuka hatua kwa hatua, na msikilizaji anayetambua mwendo wake. Jukwaani ilifupishwa, ikawa pambo la dansi.

Baadaye alifanya kazi London, Paris na Moscow. Kadiri miaka ilivyopita, mhadhara uliimeza nyimbo. Wasikilizaji wasioweza kuufuata muziki waliyapokea maelezo yake juu ya maana ya sauti, na mwalimu wa tasawufi akachukua nafasi ya mwanamuziki. Hatimaye aliiacha veena. Kuacha huko hakukuwa jambo dogo: alitoa kafara fani iliyomlea ili ujumbe wake ueleweke. Hata hivyo, istilahi za muziki zilibaki kuwa uti wa mgongo wa mafundisho yake.

Alifariki Delhi tarehe 5 Februari 1927, akazikwa jirani na kaburi la Nizamuddin Auliya. Urithi wake umegawanyika pande mbili. Vitabu vyake husomwa na wengi wasiopata kumsikia akiimba, ilhali santuri za mwaka 1909 zimehifadhi sauti ya mwimbaji kabla ya safari. Mtafiti anayetaka kumwelewa hana budi kuzisikiliza pia, kwani humo mna kile ambacho ughaibuni hakikupata masikio ya kukipokea.