Marignac, mzee wa Geneva aliyefungua siri ya koltani

Ukisimama pembeni ya barabara kule Keshero, upande wa kwenda Sake, unaona magari yakitoka Masisi na maharagwe, makala, viazi, jibini. Miaka mingi barabara hii imepitisha pia ile mawe mazito meusi ambayo kila mtu hapa anaita koltani. Hata mtoto anajua jina hilo. Lakini ukiuliza ndani yake kuna nini hasa, wengi tunanyamaza. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyejibu swali hilo, zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Jina lake ni Jean Charles Galissard de Marignac. Alizaliwa tarehe 24 Aprili 1817 huko Geneva, mji wa Uswisi unaokaa kando ya ziwa kama Goma yetu. Mjomba wake, Le Royer, alikuwa na duka la dawa, na kijana alikua karibu na chupa na mizani. Mwaka 1835 akaenda Paris kusoma Polytechnique, kisha akaingia shule ya madini. Baadaye alipita Giessen, Ujerumani, kwa mwalimu mkubwa Liebig. Mwaka 1841, akiwa na miaka 24 tu, akarudi kwao kufundisha kemia. Akafundisha mpaka 1878.

Hakuwa mtu wa kelele. Alifanya kazi chini ya ardhi, katika chumba chenye unyevu ndani ya chuo, mara nyingi peke yake, bila msaidizi. Kazi aliyopenda ilikuwa kupima: uzito wa kila elementi, tena na tena, mpaka hesabu ikubali.

Sasa, tatizo la koltani lilikuwa hili. Mwaka 1801 Mwingereza Hatchett alikuta metali mpya, akaiita kolumbi. Mwaka 1802 Mswidi Ekeberg akakuta nyingine, akaiita tantali. Mwaka 1809 Wollaston akasema hapana, hizo ni kitu kimoja. Mwaka 1844 Mjerumani Heinrich Rose akasema ziko zaidi ya moja: akaleta niobi, na hata nyingine aliyoita pelopi. Wataalamu wakachanganyikiwa kabisa. Ni kama ndugu mapacha ambao hata majirani wanakosea majina yao.

Katikati ya miaka ya 1860, Marignac akaingia ndani ya ugomvi huo, wakati mmoja na Blomstrand wa Uswidi. Akachukua asidi kali ya florini, akayeyusha yale mawe, akaongeza chumvi ya potasi, halafu akaacha maji yapoe. Chumvi ya tantali haipendi kukaa ndani ya maji: inatoka na kuganda kama sindano ndogo. Chumvi ya niobi inabaki imeyeyuka. Akarudia mara nyingi, kuyeyusha na kugandisha, mpaka zikaachana. Hapo ikajulikana: metali ni mbili tu, tantali na niobi. Pelopi haikuwako.

Njia yake ya mwaka 1866 ikawa njia ya viwanda. Ilifanya kazi karibu miaka 90. Lakini ilikuwa ya polepole, na kila mara sehemu ya mali ilibaki imechanganyika.

Katika miaka ya 1950, Wamarekani wakaleta njia nyingine. Koltani inayeyushwa bado na asidi ile ile, lakini badala ya kungoja igande, wanatia kimiminika kinachofanana na petroli kwa kuwa hakichanganyiki na maji. Fikiria mafuta ya mawese juu ya maji: ukitikisa vinaungana kidogo, ukiacha vinaachana. Asidi ikiwa nyingi, tantali na niobi zote mbili zinahama, zinapanda kwenye mafuta, na uchafu mwingi unabaki chini ndani ya maji. Kisha asidi inapunguzwa: niobi inashuka kwanza, tantali inabaki juu. Mwisho, kwa maji matupu, tantali nayo inashuka. Kazi inaendelea tangi kwa tangi bila kusimama.

Marignac hakuona siku hizo. Alikuta pia iterbi mwaka 1878 na gadolini mwaka 1880, ile ambayo leo inasaidia waganga kuona ndani ya mwili kwa mashine kubwa za picha. Mwaka 1884 moyo ulimsumbua, akaacha maabara. Alifariki Geneva tarehe 15 Aprili 1894.

Kwa nini tunamkumbuka hapa kwetu? Kwa sababu mchimbaji wa Rubaya anaosha mchanga, anapitisha sumaku kutoa chuma, na anafikiri mawe ni safi. Lakini hakuna maji ya mto wala sumaku inayoweza kutenganisha tantali na niobi. Zimefungana ndani ya chembe moja. Kule kwa komptuari bei inafuata asilimia ya tantali. Gunia mbili zenye uzito mmoja zinaweza kulipwa tofauti kabisa, na mwenye mashine ya kupima ndiye anajua. Asiyejua asilimia yake anauza akiwa amefunga macho.

Na tuseme wazi: mtu asijaribu kazi hii nyumbani, parselani. Asidi ile inapita ngozi, inaingia mpaka kwenye mifupa, na inaweza kuua. Inataka kiwanda cha kweli, wakemia wa kweli, umeme usiokatika na mahali pa kuweka taka, maana koltani ina pia urani na thori kidogo.

Mpaka leo koltani yetu inatoka ikiwa bado mawe; kutenganisha kunafanyika mbali, na faida kubwa inabaki huko. Marignac alianza na mizani, asidi na uvumilivu, katika chumba chini ya ardhi. Vijana wa Keshero wanaosoma kemia shuleni, mara nyingi bila hata chupa moja ya maabara, wajue kwamba somo hilo si la bure. Ndani yake ndimo bei ya mawe yetu inapoamuliwa.