Al-Jazari, fundi asiyesadiki mpaka ajaribu

Majuzi kipanya cha kompyuta yangu kiliingia wazimu. Nikikisukuma kulia, mshale waruka juu; nikikiacha, wenyewe watetemeka. Fundi mmoja aliniarifu kuwa kimekwisha kufa, ninunue kingine. Nikaona heri nijaribu kwanza. Nikakitandikia gazeti juu ya meza yangu ya kioo, kikatengenea kidogo, kwani kipanya cha mwanga huitazama meza iliyo chini yake, na kioo kitupu hakina alama za kuonwa. Kisha nikakichomoa, nikakigeuza, na mle katika kijitundu cha mwanga nikakuta unywele mmoja. Nikautoa, nikapangusa kwa pamba kavu, kikatulia.

Hapo nikamkumbuka Ibn al-Razzaz al-Jazari, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye asingelikubali kauli ya yule fundi hata kidogo.

Bwana huyu alinasibishwa na al-Jazira, nchi iliyo baina ya mito ya Dijla na Furati. Mwaka 570 Hijria, yaani 1174, aliingia katika utumishi wa wafalme wa ukoo wa Artuq, waliokuja kutawala mji wa Amid, ambao leo ni Diyarbakır nchini Uturuki. Akamtumikia baba, kisha wanawe wawili mmoja baada ya mwingine. Hakuwa kadhi wala mshairi, bali mtu wa shaba, mbao na maji, na labda ndiyo sababu katika darasa zetu jina lake halitajwi sana.

Mmoja wa wafalme hao, Nasir al-Din Mahmud, hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi. Al-Jazari akamtengenezea sanamu lenye birika, linalomimina maji lenyewe, na yakiisha humnyoshea mfalme taulo na kioo. Najua wako watakaokunja uso kwa neno sanamu. Nami sikatai, lakini tazameni ule ufundi wa maji uliofichwa ndani.

Kazi iliyomwonyesha hasa ni saa yake kubwa ya maji. Kwetu pwani, jirani na ikweta, mchana haupungui wala hauzidi kwa kiasi kikubwa, hivyo saa moja ya Januari ni saa moja ya Julai. Amid sivyo. Huko mchana wa kiangazi ni mrefu mno, wa baridi ni mfupi, na desturi ya zama zile ilikuwa kuugawanya mchana wowote mafungu 12 sawasawa. Basi maji yalipaswa kutoka upesi au polepole kufuatana na siku yenyewe. Wakubwa waliomtangulia walikwisha kuchora chombo cha kuyapima, chenye nusu duara. Al-Jazari akakiunda, akakitia maji, akaona hakisemi kweli. Akajaribu njia nyingine, nayo ikamvunja moyo. Akaendelea kupima kwa maji yenyewe, alama baada ya alama, hata akapata duara zima lililomridhisha. Na makosa hayo yote aliyaandika kitabuni, ya wenziwe na yake, bila ya haya.

Kitabu hicho alikiandika kwa amri ya mfalme huyohuyo Mahmud, akakimaliza mwaka 602 Hijria, yaani 1206. Mna vyombo 50: saa, vyombo vya vinywaji, vya udhu na vya kupimia damu ya chuku, chemchemi, mitambo ya kupandishia maji, na hata kufuli ya herufi. Kila kipande kimechorwa na kutiwa herufi na kipimo chake, ili fundi mwingine aweze kukiunda.

Na wakaweza. Mwaka 1976, wakati wa tamasha la Uislamu mjini London, ile saa kubwa iliundwa upya katika jumba la makumbusho ya sayansi kwa kufuata maelezo yake, miaka 770 baada ya kuandikwa, nayo ikatembea.